Woga Umekosea Mlango: Mofini ya Mama na Vidonge vya Bodaboda

Wadogo zangu wa Machakos, na nyinyi mnaotusoma kutoka Makueni, Kitui na kwingineko, leo tuzungumze juu ya dawa za maumivu. Panadol tuiache kando. Nazungumzia zile kali za ukoo wa afyuni: mofini, pethidini, kodeini, tramadoli. Jumbe mbili zimenifikia katika kona hii, na kila nikizisoma moja baada ya nyingine roho inaniuma.

Ya kwanza ni ya binti wa pande za Mwala anayemwuguza mama yake. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Daktari amemwandikia mofini ya maji, chupa imeletwa nyumbani, na ipo juu ya kabati haijafunguliwa. Kaka mkubwa amekataa katakata. Anasema mama yao hawezi kumaliza uzee wake akiwa teja. Usiku mama analia hadi majirani wanasikia.

Ya pili ni ya mke wa mwendesha bodaboda hapa mjini. Mumewe aligongwa karibu na Makutano ma Kyumvi, akavunjika mguu, akatibiwa, akaandikiwa tramadoli za siku chache. Zilipokwisha akaenda kemisti akauziwa nyingine. Mguu ulishapona zamani, vidonge havijakoma. Asipovinywa anatokwa jasho, anaharisha, hasira zinampanda, usingizi unamkimbia. Hakuna aliyewahi kumzuia. Nyumbani kwao wote husema ni dawa tu ya mguu.

Mwaona mambo yalivyopinduka? Nyumba ya mgonjwa wa saratani imejaa hofu ya uraibu, na nyumba ambayo uraibu umeshaketi sebuleni haina hofu hata kidogo. Woga tunao, na woga ni mzuri, lakini umebisha hodi kwenye mlango usio wake.

Binti wa Mwala, nianze na wewe, maana mama yako hawezi kungoja nimalize kuzungumza na wengine.

Fungua hiyo chupa. Soma karatasi ya hospitali, hakikisha jina ni la mama na kipimo ni kile alichoandika daktari, kisha mpe. Kama kuna mstari usiouelewa, piga simu ulikotoa dawa uulize kabla hujapima. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kidogo cha kupimia walichokupa. Kijiko cha chai cha nyumbani usikitumie, kwa sababu vijiko havilingani.

Watu wanaomwambia mgonjwa wa saratani ajikaze nawaomba wanyamaze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uvimbe unaobana mishipa ya fahamu ndani ya nyonga hautulizwi kwa moyo mkuu wala kwa maombi peke yake, na mimi ni mtu wa maombi. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limewafundisha madaktari kupanda ngazi ya hatua tatu kwa maumivu ya saratani: kwanza dawa kama Panadol na Brufen, kisha kodeini au tramadoli, na yakizidi, mofini. Kwa hiyo daktari wa mama yako hakukurupuka. Amefuata njia iliyokanyagwa karibu miaka 40.

Sasa namna ya kumpa, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea hata zikikubali dawa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa kama saa 4 hivi, halafu inaisha mwilini. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mara nyingi daktari huruhusu kile cha mwisho kiwe maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Kama hakukuandika hivyo, usikiongeze mwenyewe. Usingoje mama aanze kulia ndipo ukimbilie chupa. Mwenye kupika muthokoi huongeza maji kabla haujashika sufuria, na dawa hii pia hutolewa kabla maumivu hayajashika. Ukiyaacha yarudi kwa nguvu, itakubidi utumie dawa nyingi zaidi kuyatuliza, na mama atakuwa ameteseka bure.

Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kuwa na kichefuchefu na kusinzia sana. Usiogope kila usingizi. Mtu ambaye hajalala majuma kadhaa kwa maumivu, akipata nafuu hulala. Kitakachomsumbua hadi mwisho ni choo kufunga. Hili ni la hakika kiasi kwamba dawa ya kulainisha choo inapaswa kuandikwa siku ileile ya mofini. Kama hukupewa, rudi uidai. Papai, maji na uji mwepesi vitasaidia, lakini havitoshi peke yake.

Dalili za kukimbia naye hospitalini ni hizi: unamwamsha haamki, anapumua polepole sana au kwa vipindi, midomo inabadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta. Hospitalini kuna dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa mofini kwenye nafasi yake ubongoni na kumrudishia mtu pumzi. Kuzidiwa na mofini namna hii hutokea zaidi pale mtu anapozidishiwa kipimo, anapochanganyiwa dawa za usingizi au pombe, au figo zake zinapokuwa zimechoka. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo, kwa hiyo ukiona mama hakojoi vizuri, mwambie daktari mapema ili apunguze kipimo au aachanishe nyakati.

Na kaka yako je? Usimdharau. Anampenda mama, na anachokiogopa kipo duniani kweli. Kaa naye chini, mweleze kwa upole kwamba kuna mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni mwili kuzoea. Mwili wa mama utaizoea mofini, na ukikatiza ghafla atatokwa jasho, ataharisha, ataumwa viungo. Ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo kama haihitajiki tena. Zipo dawa za presha pia ambazo ukiziacha kwa ghafla mwili hugoma, na hakuna anayemwita bibi wa presha mraibu. La pili ni uraibu wenyewe: mtu anaitafuta dawa ingawa inamharibia kazi, ndoa na afya, anadanganya ili aipate, akiamua kuacha hawezi. Mama anayeomba mofini kwa sababu anaumia, na akiipata anakaa, anakunywa uji, anauliza wajukuu wamekula nini, huyo hana uraibu. Maumivu yake yametibiwa, basi. Na akiomba kipimo kiongezwe baada ya wiki kadhaa, sababu ya kwanza ya kuangalia ni kama ugonjwa umesonga.

Kuna uvumi mwingine ambao kaka anaweza kuwa nao moyoni bila kuusema: kwamba ukiandikiwa mofini, jeneza limeshaagizwa. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa taratibu haiharakishi kifo. Wapo wanaoitumia miezi mingi wakiendelea na matibabu ya saratani, na wapo ambao tiba ya mionzi inapopunguza uvimbe, mofini hupunguzwa au kuachwa kabisa.

Kama kaka anataka kazi ya ulinzi, mpe. Chupa ikae kwenye sanduku lenye kufuli, yeye ashike ufunguo. Kila anayempa mama dawa aandike saa na kipimo kwenye daftari. Mtoto mdogo akimeza mofini ya bibi yake anaweza kufa, na kijana wa nyumbani anayekunywa pombe anaweza kuijaribu. Hapo ndipo woga wa kaka una kazi yake halali.

Mjue pia kwamba kuwa na chupa ile nyumbani ni bahati ambayo familia nyingi za Kenya hazijaipata. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya maumivu ya watoto wagonjwa nchini mwetu. Lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali 7 tu za umma kati ya takriban 250. Saba! Watoto wenye saratani na Ukimwi walikuwa wakipewa Panadol. Dawa yenyewe ni rahisi: unga wa mofini, maji, na kitu cha kuizuia isioze. Kilichokosekana kilikuwa uamuzi wa kuiagiza, mafunzo, na ujasiri wa kuiandika.

Majirani zetu wa Uganda walionyesha njia. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alifika Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, kisha 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Alikuja na fomula ya mofini ya maji ambayo ingeweza kutengenezwa hapa hapa Afrika kwa bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea huduma shufaa, yaani utunzaji wa kuwapunguzia wagonjwa mateso, kuandika mofini, kwa sababu walioko vijijini ni wao na daktari yuko mbali. Serikali yao huitoa bure. Merriman alifariki 2025, na Uganda haijaingia katika janga lolote la uraibu kwa sababu ya mofini ile chungu ya chupa za plastiki. Mimi nasema hilo lingekuwa somo kubwa kwa kila kaunti yetu.

Sisi pia tumesogea. Kuna KEHPCA, muungano wa hospisi na huduma shufaa nchini, uliofundisha wauguzi na madaktari katika hospitali nyingi za umma, na kuna Sera ya Kitaifa ya Huduma Shufaa ya 2021 hadi 2030. Ukifika Hospitali ya Level 5 ya Machakos, uliza kitengo cha huduma shufaa. Wenyewe husema paliativu. Usiridhike ukiambiwa mgonjwa wenu hana la kufanyiwa tena. La kufanyiwa lipo. Mofini utaikuta imefungiwa kwenye kabati ambalo wauguzi huliita DDA, na kila kipimo kinachotoka kinaandikwa kwenye rejista. Urasimu huo unaudhi ukiwa na mgonjwa analia, najua, lakini umewekwa kwa sababu nzuri.

Sababu hiyo wengi wetu tumeisikia kutoka Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, vya ukoo huohuo wa afyuni, na wauzaji wake wakawazungukia madaktari wakiwahakikishia kwamba uraibu ni nadra. Moja ya ngao zilizotumika sana katika miaka ile ilikuwa barua fupi mno iliyochapishwa mwaka 1980 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi hospitalini, walioandikwa kuwa wamepata uraibu walikuwa wanne. Wagonjwa wale walikuwa wamelazwa, muuguzi anawatazama, dawa inatoka kwa kipimo. Hawakuwa watu waliokwenda nyumbani na chupa ya vidonge vya mwezi mzima kwa ajili ya mgongo. Lakini barua ile ilinukuliwa zaidi ya mara 600 katika maandishi ya kitaalamu, na wengi walionukuu hawakutaja kwamba wagonjwa walikuwa hospitalini. Mwaka 2007 kampuni ikakiri kosa mahakamani. Kufikia 2021 vifo vya kuzidisha dawa na mihadarati nchini humo vilikuwa vimepita 100,000 kwa mwaka, vingi vikiletwa na fentanili ya magendo iliyoingia sokoni baada ya vidonge.

Kisha wakakosea upande wa pili. Mwaka 2016 taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa mwongozo wa tahadhari. Baadhi ya madaktari na kampuni za bima wakaugeuza kiboko, wagonjwa waliozoea dawa kwa miaka wakakatiwa ghafla, wakabaki na maumivu na arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, wengine wakaangukia dawa za mitaani. Mwaka 2022 ikabidi CDC irekebishe mwongozo na kuonya dhidi ya kukatiza ghafla. Kwa hiyo yeyote anayewaambia kwamba dawa hizi ni salama tu, au ni sumu tu, hajasoma historia hii hadi mwisho.

Na tukitazama ramani yote ya dunia, shida yetu iko wapi? Jopo la jarida la Lancet lilihesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za ukoo wa mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilikuwa zikipata tani 0.1. Wakati Marekani inazama, mtoto wa Afrika mwenye saratani hapati tone.

Lakini usidhani kwamba hatuna mlango wa uraibu. Mlango wetu haupo kwenye kabati la DDA. Uko dirishani pa kemisti.

Mke wa bodaboda, sasa njoo karibu.

Mnaijua ile bahasha ndogo ya kaki. Unaingia kemisti, unasema mgongo unauma, unahesabiwa vidonge vya rangi tatu, kwenye bahasha inaandikwa 1x3, unalipa, unaondoka. Jina la dawa halipo. Hujaulizwa kama una kifafa, kama unanyonyesha, kama unaendesha chombo. Wapo wafamasia waadilifu katika mji huu, nawaheshimu, na ndio hukataa kuuza bila karatasi ya daktari hata mteja akifoka. Tramadoli ni dawa ya kuandikiwa. Kuuziwa kienyeji kila wiki ni kosa, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo yenye kazi ya kulifuatilia. Nigeria ilipuuza dirisha la namna hii hadi sharubati ya kikohozi yenye kodeini ikawateka vijana wengi, na mwezi Mei 2018 serikali ikapiga marufuku kuitengeneza na kuiingiza nchini. Walipofika hapo familia nyingi zilikuwa zimeshaumia.

Tramadoli watu huiona nyepesi kwa sababu inauzwa bila shida na haina jina la kutisha kama mofini. Inafanya kazi njia mbili kwa pamoja: inagusa milango ileile ya mofini ubongoni, na pia inachezea kemikali zinazohusika na hali ya moyo, kama zifanyavyo dawa za sonona. Ndiyo maana mumeo akiikosa anapata arosto ya kawaida ya jasho na kuharisha, na juu yake wasiwasi na hasira. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Akizidisha, au hata kabla ya hapo kama ana historia ya kifafa au anatumia dawa nyingine fulani, anaweza kupata degedege. Fikiria degedege akiwa amebeba abiria kwenye mteremko. Amitriptilini, ambayo hospitali zetu huitoa sana kwa maumivu ya neva na usingizi, ni mojawapo ya dawa ambazo haifai kuchanganywa na tramadoli bila daktari kujua. Na akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi yake inaweza kuzimika akiwa amelala kando yako.

Tafadhali usivitupe vidonge chooni kwa hasira, na usimfungie chumbani aache leo leo. Kuacha ghafla ni mateso, na mara nyingi mtu huishia kuvirudia kwa kiwango kikubwa zaidi. Kinachofaa ni kupunguza hatua kwa hatua kwa majuma, daktari akiandika ratiba, wewe ukishika vidonge na kumpa vya siku moja moja kama mwenyewe amekubali. Chagua saa ya kuzungumza naye ambayo hana arosto wala hana haraka ya kwenda kazini. Mwambie umeona anavyoteseka. Usianze na pesa alizotumia. Mwanamume wa hapa kwetu ukimwita teja mbele ya ndugu zake hatakusikia tena, na mficha uchi hazai: tunachokitafuta ni yeye kufungua kinywa mbele ya daktari na kusema anakunywa vingapi kwa kweli.

Halafu mguu wenyewe upimwe upya. Nasisitiza hili kwa sababu husahaulika. Huenda mfupa haukuunga vizuri, au chuma walichoweka kimelegea, au kuna usaha ndani. Mtu mwenye uraibu anaweza kuwa na maumivu ya kweli, na ukimtibu kimoja ukaacha kingine atarudi palepale.

Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Piga hata kama yeye hataki. Utapewa ushauri wewe uliyechoka. Kwa wale ambao wamefika kwenye heroini, Kenya ina kliniki za methadoni tangu Desemba 2014 zilipoanza Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata zikafika Pwani. Tanzania ilitutangulia, Muhimbili ikianza 2011. Methadoni nayo ni ya ukoo huohuo wa afyuni, inanywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, na imewarudisha watu wengi kazini na kwa watoto wao. Dawa hizi zote ni ndugu. Tofauti inaletwa na nani anapewa, kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani anatazama.

Kuna kundi la tatu ambalo halikuniandikia lakini naliona kila Jumapili kanisani: akina mama waliolima matuta kwenye vilima vya Iveti maisha yao yote, wakibeba mawe na udongo na wenzao wa kikundi cha kazi cha mwethya, na vijana wa machimbo ya mawe kule Athi River. Migongo yao inauma miaka nenda miaka rudi. Kwa maumivu ya namna hii nina msimamo mkali. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti, waliofuatwa kwa miezi 12; waliopewa dawa za ukoo wa mofini hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa za kawaida, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Mwaka 2023 Waaustralia wakajaribu kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo: baada ya wiki sita, dawa hizi hazikushinda kidonge kitupu. Kwa hiyo kama mgongo wako ni wa zamani, tramadoli ya kila siku inakuuzia hatari bila kukupa faida. Mazoezi ya kunyoosha na kukaza misuli, mtaalamu wa viungo pale hospitalini, kubadilisha namna ya kuinua mzigo, Brufen kwa siku chache kama figo na tumbo vinaruhusu: hayo yana faida zaidi ingawa yanachosha. Na sindano ya diklofenaki ya kila wiki nayo ikome, inakula figo.

Mama wanaonyonyesha na wenye watoto wadogo, kwenu neno moja tu. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu ambao maini yao huigeuza kwa kasi kubwa mno. Ethiopia, jirani yetu, ni kati ya mahali ambapo watu hao wamepatikana kwa wingi. Mtoto anaweza kuacha kupumua kwa kipimo ambacho kingemtuliza mwenzake. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto wa chini ya miaka 12 na kuwaonya mama wanaonyonyesha. Kabla ya kununua sharubati ya kikohozi, soma kibandiko. Kodeini ikiwemo, rudisha.

Sasa ninyi maafisa wa kliniki, wauguzi na madaktari vijana, najua mnanisoma kisirisiri. Mizani ya dawa hizi iko kwenye kalamu zenu, na ninawaonea huruma kwa wagonjwa 60 wanaongoja kwenye benchi. Lakini dakika tatu za maswali zipatikane. Amewahi kuwa na shida ya pombe au dawa? Nyumbani kwao je? Ana huzuni ya muda mrefu, amepitia jambo zito? Anatumia dawa gani nyingine? Jibu la ndiyo halimnyimi mtu nafuu. Linawaambia muandike siku chache, mumrudishe mapema, na dawa ishikwe na mtu mwingine. Kijana mraibu aliyevunjika paja anaumia kama mwingine yeyote. Na mara nyingi kwa sababu mwili wake umezoea, kipimo cha kawaida hakimtoshi. Kumwacha alie wodini ili ajifunze ni ukatili.

Kwa jeraha au upasuaji wa kawaida, siku tatu mara nyingi zinatosha, na ni nadra kuhitaji zaidi ya wiki. Mama aliyejifungua kwa upasuaji apewe Panadol na Brufen kwa saa bila kukosa, mofini au pethidini ikiwa nyongeza ya siku za mwanzo. Mwambieni mgonjwa tangu siku ya kwanza dawa itaisha lini na itapunguzwaje. Yule mume wa bodaboda hakuna aliyemwambia. Aliandikiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na tarehe ya kurudi ilihusu plasta tu.

Na kwa mgonjwa wa saratani, msiandike chupa moja ya wiki mbili mkijifariji kwamba mmetimiza wajibu. Panga itakakotoka ya pili. Familia inayosafiri kutoka Masinga au Yatta hadi mjini, ikifika ikaambiwa mofini imeisha, inarudi nyumbani na mgonjwa atakayeingia arosto na maumivu kwa pamoja.

Limebaki suala la dawa inayosalia, ambalo huulizwa sana. Mgonjwa akipona, au Mungu akimchukua, mofini na tramadoli zilizobaki zisihifadhiwe kwa ajili ya jirani, hata kama jirani analia kwa jino. Zirudishwe famasia ya hospitali zilikotoka, pamoja na karatasi ya kliniki, ili mfamasia azipokee, apime kilichobaki, na kuandika kwenye rejista kwamba zimerudi.